Vipande Viwili vya Kalibu

Kaeni chini, wanangu, na wewe Mahona zima hiyo simu, maana ukiipokea tena mbele yangu nitakufa na hasira, na hasira ya marehemu haina wa kuituliza. Gari la wanunuzi wako linanguruma hapo nje, nalisikia; liache lingurume. Dole gumba langu bado ni langu.

Sikilizeni. Nimewalea kwa kipandio cha pamba, kile cha kupandia mbegu kwa kusukuma kwa mkono, na hakuna darasa lililonifundisha kukibuni. Miji ndiyo iliyonifundisha, tena kwa viboko. Mwanza nilijifunza kuchomelea, nikiona baiskeli mbovu zikigeuka matoroli, ndiyo maana gurudumu la kipandio ni la baiskeli, likipinda hata fundi wa Dutwa analinyoosha. Arusha nilikaa na watengeneza viti vya walemavu, nikafahamu kwamba mpini hupimwa kwa kiwiko cha anayeushika, si kwa macho ya anayeuuza. Dar es Salaam nikajifunza plastiki, nikachongesha kalibu, vile vipande viwili vya chuma vinavyoibana plastiki ya moto mpaka inakuwa sanduku la mbegu. Nikarudi Bariadi najiona mtu, na sanduku likakwama katikati ya mstari, kwa kuwa kule mjini nililijaribu kwa choroko, na mbegu yetu ya pamba ina manyoya, inashikana kama kondoo walionyeshewa na mvua. Marehemu mama yenu alicheka mpaka akakaa chini: “Baba Mahona, umetuletea sanduku la sadaka? Linapokea tu, halitoi!” Nilinuna, nikala nimenuna, kisha nikamtazama anavyosugua mbegu kwa majivu kabla ya kupanda, nikaenda kupanua tundu la kutolea mbegu. Tundu hilo ndilo urithi. Mengine ni plastiki.

Leo Mahona unataka kuwauzia hao wa gari kalibu, walibane tundu, eti soko la kisasa ni mbegu iliyonyolewa. Sawa. Kule Mwandoya kainyoa nani? Watu watanunua jina langu, na jina langu litawakwamia shambani mvua ikinyesha. Halafu unamwita dada yako mshamba anayelalia chuma! Na wewe Lucy, mayu, mama yangu, unamjibu kwamba angeuza hata kaburi langu kabla halijachimbwa. Nilisikia. Kinachokufa ni miguu, masikio bado.

Basi shikeni neno langu. Ng'ombe gawaneni sawasawa, nyumba ni ya Lucy. Kalibu naitenganisha: kipande cha juu cha Mahona, cha chini cha Lucy, na kimoja bila mwenzake ni chuma cha kuzuilia mlango. Anayetaka kuuza amwombe mwenzake, na kabla hawajapatana waende wote Dutwa, walipande lile shamba letu kwa tundu analolitaka Mahona, kwa mbegu ya hapa, wasukume wenyewe. Shamba litaamua, halina shangazi wala mjomba. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini maksai wawili hufungwa nira moja na watu wakala.

Waambieni wenye gari waende zao. Sisaini.

Lucy, nipe kata ya maji… niwapulizie maji ya baraka, kama baba alivyonipulizia siku ninakwenda Mwanza. Mkono… nishike mkono. Mungu awape mvua, na… na masikio ya kusikilizana. Mahona, mbona unasimama mlangoni? Sogea, baba. Hapo, ubavuni kwa dada yako. Pumzi yangu… huko haifiki.