Mafundo Thelathini na Manne ya Nna Ghenima

Ndugu wafiwa, majirani wa Ayt Wamalu, na nyote mliopanda mlima tangu asubuhi, mimi ni Muqran, mdogo wake marehemu, niliyekuwa amini wa kijiji hiki, mkuu wa baraza lenu, kwa miaka kumi na minne, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, ingawa wapo wanaosoma vizuri kuliko mimi, na wapo pia wanaojua kwa nini niliomba nisome mwenyewe.

Marehemu Ghenima binti Amar, ambaye wote tulimwita Nna Ghenima, kwa heshima ya dada mkubwa, alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Februari 1941, katika nyumba ya juu ya kisima, akiwa mtoto wa kwanza wa Amar na Yamina. Alisoma shule ya bondeni kuanzia Oktoba 1949 hadi Juni 1951, miaka miwili tu, lakini ilimtosha kusoma, kuandika na kuwachosha walimu, kwani alikuwa na tabia ya kuuliza jambo, akajibiwa, halafu akaenda kulitazama mwenyewe. Vita vilituhamisha mwaka 1958, tukarudi mwaka 1962 tukakuta mitini mingi imeungua, na yeye ndiye aliyepandikiza upya vipando vya shamba la baba, mashimo nikichimba mimi kwa kununa.

Aliolewa na marehemu Belaid tarehe 12 Septemba 1962, na baada ya siku ishirini mumewe akarudi kiwandani Ufaransa, kama walivyofanya wengi wetu. Kila mwaka Belaid alipewa likizo ya wiki tatu, ila alitakiwa kutaja tarehe mapema kabla kiangazi hakijaanza, naye alitaka kitu kimoja tu, kuwa nyumbani tini zinapoiva, na mwaka 1964 alifika akakuta zimekwisha, amebakiwa na za kukausha. Dada alilia, nilimwona, kisha akafuta machozi akajiuliza swali ambalo hakuacha kujiuliza hadi juzi: nani anauambia mtini kwamba wakati umefika?

Alianza na tini dume, zile zisizoliwa, tunazozitunga kwenye kamba za nyasi na kuzitundika juu ya mitini jike, ili vinyigu vilivyomo vitoke alfajiri, viingie katika tini changa na kuzishikiza mtini, maana zisipoingiwa hudondoka zote zikiwa na ukubwa wa zeituni. Kila mwaka, kuanzia tarehe mosi Mei, alifunga fundo moja kwa siku kwenye kamba, huku akipasua tini dume moja na kuchungulia, mpaka siku ambayo kinyigu cha kwanza kilimtembelea kiganjani, na hapo kamba aliikata na kuitundika ukutani. Kamba ya mwaka 1965 ina mafundo hamsini na moja. Kwa kamba hizo alijifunza kumwandikia Belaid barua yenye tarehe ya kuombea likizo, akizilinganisha na jinsi ulozi unavyochanua na theluji ya mlima Jurjura inavyopungua, na tangu hapo Belaid hakukosa tini tena, hadi alipofariki Mei 1994. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nuara, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1966, na Idir, wa tarehe 20 Mei 1969, na wote wawili ni watoto wa likizo, kama mnaweza kuhesabu.

Sasa nafika mwaka 2007, na hapa naomba mnivumilie. Sheria ya kijiji ilisema, tangu enzi za babu zetu, kwamba hakuna anayetundika tini dume kabla ya siku inayotangazwa na baraza, na siku hiyo ilikuwa tarehe 22 Juni, ili mwenye haraka asimalize tini dume za wote. Majira ya baridi yale theluji ilikuwa haba, na tarehe 9 Juni, fundo la arobaini, nikaitwa kuambiwa kwamba dada wa amini ametundika. Nilikwenda na ngazi yangu, watu kumi na wawili nyuma yangu.

"Nna, unanivunjia sheria mbele za watu!"

"Muqran we, sheria hiyo umewasomea vinyigu? Wametoka leo, twende ukaone."

"Wasubiri tarehe yao."

"Haya, shusha. Shusha zote," akasema, akiwa amejishika kiuno na kucheka, "lakini umechelewa, mdogo wangu, wageni washaingia ndani."

Nilizishusha zote. Ilikuwa saa sita mchana, na kila tini niliyoigusa ilikuwa na tundu na haina kitu. Tarehe 22 tulitundika kijiji kizima tini zilizokwisha kuwa maganda, na Julai tulikanyaga tini changa njiani kama changarawe, isipokuwa chini ya miti yake. Septemba alipeleka kikapu kila nyumba, akianza na yangu, nami nilikula, sikusema samahani. Baraza liliirudisha tarehe nyuma kwa siku kumi, likadhani kazi imekwisha, naye akaendelea kufunga mafundo, kwa sababu, alisema, tarehe mpya nayo ni tarehe tu.

Alianza kuugua moyo tarehe 11 Machi mwaka huu, 2022, akalazwa hospitali siku tisa, akarudi nyumbani. Tangu mosi Mei nilimpelekea tini dume kila asubuhi, tukaipasua pamoja kitandani, akafunga fundo lake. Jana Ijumaa, tarehe 3 Juni, nilipoipasua kilitoka kimoja, cheusi, kidogo kuliko ufuta, kikapanda kidole chake, naye akakitazama sana. "Leo," akasema. Alifariki saa tatu asubuhi, kamba ikiwa mkononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika kuskusi, na wanabaraza wenzangu wa zamani na wa sasa. Mnajua kwamba kijiji kikifiwa hakuna anayegusa shamba kwa siku tatu. Jana mchana nilisimama barazani nikaomba desturi hiyo ilegezwe, na amini wa sasa akaniuliza, akiniita kwa heshima ya kaka mkubwa, "Dda Muqran, ni wewe kweli unayesema tusisubiri?" Nilisema ni mimi, na kwamba nilikosa mwaka 2007, na kwamba Nna alikuwa sahihi, na leo nalisema mbele yake akiwa amelala hapa. Baraza limekubali. Tukitoka makaburini, nendeni mkatundike, ili alfajiri ya kesho vinyigu wakitoka wakute mlango.

Kamba ya mwaka huu ina mafundo thelathini na manne, thelathini na matatu ni yake, na la mwisho nimelifunga mimi, halikukaa vizuri. Pumzika kwa amani, Nna, safari hii hatukuchelewa.