Mzee Lazare Alisimama Kumpokea Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge, wazee wetu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja: karibuni. Mheshimiwa, tumeambiwa una dakika kumi tu kabla ya kwenda mkutano mwingine Seven Hills, kwa hiyo tutakusomea habari za mtu mmoja, Mzee Lazare, aliyeketi hapo mbele na mkewe, Mama Dévote.

HISTORIA

Mzee Lazare alitoka kambi ya wakimbizi Tanzania akaja huku ugenini akiwa na nguvu zake. Alibeba mizigo miaka tisa katika ghala moja mtaa wa Ingleburn, mpaka shehena ilipomwangukia kiunoni. Tangu hapo hatembei bila kushikilia kigari cha kutembelea, na soksi huvalishwa. Posho ya ulemavu ya serikali ndiyo iliyokuwa ikimleta mtu wa kumwogesha.

MAFANIKIO

Hapa hatuna mengi ya kujivunia. Ila siku mkaguzi wa posho alipokuja kumwona tulijitahidi sana, na juhudi zetu ndizo zilizomponza. Tulikwenda mapema tukapiga deki na kumnyooshea mzee suti. Kigari tulikificha bafuni ili nyumba isifanane na hospitali. Mkaguzi alipogonga, mzee alisimama, maana kwetu mtu mzima hampokei mgeni akiwa amekaa. Wawili wetu tulikuwa nyuma yake, tumemshika mkanda wa suruali chini ya koti, na jasho likimtiririka. Alipoulizwa hali alijibu kama alivyolelewa: “Nzuri tu, tunamshukuru Mungu.” Binti yake Iteka akatafsiri hivyohivyo. Mkaguzi alikunywa chai nusu kikombe, akaaga.

CHANGAMOTO

Wiki tatu baadaye posho ilikatwa, barua ikaja nyuma yake. Ilisema mzee anasimama bila msaada, halalamiki maumivu, na nyumbani kwake hakuna kifaa chochote. Hakuna aliyemwonyesha taarifa ya mkaguzi kabla haijamhukumu, wala aliyemuuliza kama ni kweli. Tukaomba uamuzi upitiwe upya. Ulipitiwa mezani, kwa taarifa ileile, na jibu likawa lilelile. Tulipopiga simu tulisubiri karibu saa mbili, kisha tukaambiwa jambo limeshaamuliwa.

Sasa anaogeshwa na Mama Dévote, ambaye naye mgongo umemwisha kwa kutunza wazee wa watu. Tumechoka, Mheshimiwa, na tunaona aibu. Juzi mzee alituuliza kama kosa lake lilikuwa kusimama. Sisi ndio tuliomwinua.

MAOMBI

Limebaki baraza la rufaa, na mwanasheria anayetusaidia bure ametuonya tusijipe matumaini. Hatukuombi ufute barua, tunajua huna mamlaka hayo. Tunaomba utusemee ili, kabla faili halijafungwa, aje mtu mmoja aketi na Mzee Lazare, amsomee yote yaliyoandikwa juu yake, na amsikilize mpaka amalize. Kama jibu litakuwa hapana, basi aambiwe na mtu anayemtazama usoni.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe umri mrefu, na akuepushe na siku utakayohitaji kuaminiwa na mtu ambaye ameshaandika.

Ni sisi,
Umoja wa Majirani wa Merrylands.
Imesomwa kwa niaba yao na Kwizera, mmoja wa wale wawili walioshika mkanda.