Hajati Munirah na Mpunga Uliokosa Shaba

Tarehe 30 Juni, Hajati Munirah anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya udongo hapa Ntinda. Nimeombwa mimi, Wandera, niandike wasifu wake. Walioniomba hawakujua kwamba nimemwonea wivu kwa muda mrefu.

Alianza mwaka 1994 akiosha chupa. Upimaji alijifunza kwa kutazama, na mashine zilizowashinda mafundi alizifufua kwa bisibisi na bismillahi. Chai yake ya tangawizi ilikuwa ya waliowahi. Mchelewaji alikuta birika tupu.

Mwaka 2016 tulikwenda Lira kwa Bi Akullo, mjane aliyelima mpunga kwenye kinamasi. Majani machanga yalijisokota na kukauka ncha, masuke yakasimama wima bila punje. Mimi, mwenye shahada tatu, nikamwambia aongeze mbolea ya urea. Mwezi mmoja baadaye tulikuta hali imekuwa mbaya zaidi.

Munirah alivua viatu, akalizunguka shamba. Kwenye kona moja mpunga ulikuwa umeinama kwa uzito.

"Hapa mnafanya nini, mama?" aliuliza.

"Ndipo ninaposuuzia bomba la dawa ya nyanya," alijibu Bi Akullo.

Dawa ile ina shaba. Munirah alipima udongo wa shamba zima, akakuta shaba karibu haimo. Akaandika ripoti, akaniletea mimi, mkuu wake, niitie saini.

Niliifungia kwenye droo wiki tatu, kwa wivu tu. Bi Akullo alipiga simu mara mbili kuuliza kama apande tena au auze shamba. Munirah alipoigundua, hakufoka.

"Daktari, weka jina lako, langu lifute," alisema. "Ila yule mama apande kabla mvua haijampita."

Nilitia saini kwa aibu, jina lake likabaki. Bi Akullo alinyunyiza mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye shaba, na msimu ule akavuna zaidi kuliko alivyowahi kuvuna. Tangu hapo wakulima wa bonde lile wanampigia Munirah, na kila simu hunichoma. Juzi Bi Akullo alifika ofisini, akanisalimu haraka, akauliza Hajati yuko wapi.

Habari ya droo Munirah hakumwambia mtu. Naisema mwenyewe leo.

Hajati, ahsante kwa kazi, na kwa kunisitiri. Mungu akupe afya na mapumziko matamu. Nami, nakiri, hata hayo nayaonea wivu.