Maisha ya Katekista Wenseslaus Mlay na Nyumba Aliyoivunja

Wenseslaus Mlay, tunayemzika leo katika shamba la ukoo, kihamba cha baba yake, alizaliwa hapa Kilema tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Primus na Mama Monica.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akapata mafunzo ya ukatekista. Tangu utoto alikuwa mtu wa kusahihisha wengine. Majirani bado wanacheka wakikumbuka alivyomsimamisha bwana harusi mlangoni mwa kanisa kwa kukosea ishara ya msalaba, bibi harusi akiungua na jua.

Tarehe 12 Mei 1962 alifunga ndoa na Bernadetha Tarimo. Walilima kahawa na ndizi, na bei ya kahawa ilipoanguka, Bernadetha alishika biashara ya sokoni, yeye akashika mafundisho. Mkewe akimsihi apunguze ukali, alijibu, "Mama Leodegar, dini si mtori, kila mtu aukoroge atakavyo."

Mwaka 1987 alikwenda na waumini wenzake kuhubiri Umaasaini, upande wa Simanjiro. Huko, mtu mmoja aitwaye Lemburis, mwenye wake wawili, aliomba ubatizo. Wenseslaus hakumsubiri padre. Alimwambia amwache mke mdogo, Namnyaki. Babu yake Wenseslaus mwenyewe aliwahi kuambiwa hivyo, na mke mdogo wa babu alibaki katika nyumba yake humu kihambani, akala ndizi zake na kulea wanawe hadi uzeeni. Alidhani na kule itakuwa hivyo, wala hakuuliza. Aliporudi siku ya ubatizo alikuta Namnyaki amerudishwa kwa kaka zake. Wanawe wawili, mdogo ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, walibaki, maana watoto ni wa boma la baba.

Alimsihi Lemburis amrudishe.

"Mwalimu, ulisema ni dhambi," Lemburis alimjibu. "Sasa imeacha kuwa dhambi?"

Wenseslaus alirudi Kilema. Tangu siku hiyo moyo ulimsuta, na hakukubali tena kufundisha wachumba.

Mwaka 1994 alimtafuta Namnyaki, ambaye alikuwa ameshaozwa kwa mzee mwingine. Alimpelekea jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe.

"Shikamoo, mwalimu. Jani hili la nini?"

"La kuomba msamaha, mama. Kwetu halikataliwi."

"Kwetu ni jani tu," alisema Namnyaki. "Wanangu wakiniona wananisalimu kama mtu wa kupita. Kunywa maziwa, halafu uende."

Aliyanywa, kwa kuwa kuyakataa kungekuwa kumkosea mara ya pili. 

Kisukari kilimwanza mwaka 1999, na mwaka 2002 alikatwa mguu wa kulia. Alipougua sana hakuwa akiulizia mashamba. Aliulizia kama kuna mtu ametoka Simanjiro. Hakuna aliyetoka. Alifariki hospitalini mjini Moshi tarehe 21 Agosti 2003, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kwa kawaida, mahali hapa katika wasifu, familia huwaomba wote aliowakosea marehemu wamsamehe, nao waombolezaji huitikia. Yeye alikataza.

"Leodegar," alimwambia mwanawe wa kwanza, huyu anayewasomea, "niliyemkosea hatakuwepo msibani. Msije mkaitikia kwa niaba yake."

Mwanawe alimbembeleza abadili neno hilo, akaona aibu kulisoma mbele ya parokia nzima. Mzee alikaza.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja na mdogo wake Sylvanus. Pia ameacha, huko Umaasaini, vijana wawili waliokua bila mama yao.

Kwa hiyo hatuwaombi mseme lolote. Amani ambayo tungemwombea baba, tunamwomba Mungu aanze kumpa Namnyaki. Baba atasubiri.