Mzee Bado Anatoka Shambani, Matete Yanabaki

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa shamba letu la matete atakabidhi funguo za banda baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Sote tunamwita Mzee Bado. Jina hilo alilipata kwa sababu kila meneja aliyemuuliza kama majani yako tayari kukatwa alijibiwa neno hilo moja, na kila meneja alinuna. Mameneja wamepita sita. Mimi ni karani wa mizani, na nimeombwa niandike haya katika jarida la kiwanda kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Kwa wenzetu wa chumba cha rangi, mnaouona mvuke tu bila kujua unatoka wapi: kiwanda hiki hupika rangi za vitambaa kwa moto wa matete. Hupandwa mara moja, hukatwa kila mwaka, na shina lilelile huchipua tena hata zaidi ya miaka ishirini, mradi likatwe likiwa kavu. Ukilikata bichi, chakula chake kinaondoka na majani badala ya kurudi mizizini, na shina linadhoofu mpaka linakufa. Somo zima ni hilo. Mzee Bado alilielewa kwa msimu mmoja, na ofisini wanaendelea kulitafakari.

Miaka kumi na tisa iliyopita, matete yetu ya kwanza yalipokuwa vijiti vya kufika gotini, alikuja mtaalamu mwenye viatu vya kung'aa. Alisimama barabarani, akatazama shamba kwa dakika tano, akatangaza kwamba limekufa na akaamuru lilimwe upya. Mzee Bado wakati huo alikuwa dereva wa trekta tu. Alilima ekari mbili, kisha trekta likapata ugonjwa ambao hakuna fundi aliyeweza kuupatia jina. Liliugua wiki tatu kamili. Mvua iliponyesha, matete yakapanda hadi mabegani, na trekta nalo likapona siku hiyohiyo. Mtaalamu aliandika ripoti ndefu kuhusu mafanikio yake, akapandishwa cheo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mke wa Mzee Bado, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, huwaambia watu kwamba aliolewa bila kuambiwa kuna mke mwenza, na mke mwenza huyo ana ekari mia na arobaini. Shemeji, kuanzia Jumamosi mume ni wako peke yako. Ukimwona anavunja ufagio wako mpya karibu na sikio, usimgombeze. Hivyo ndivyo anavyopima. Huingia hadi katikati ya kitalu, huvunja bua, husikiliza. Bua kavu hulia mara moja. Bichi hujikunja tu.

Sasa niseme habari ya kipimo cha umeme. Miaka sita iliyopita, ofisi ilinunua kifaa cha kupima unyevu, na meneja wa uzalishaji akakipeleka shambani yeye mwenyewe. Alipima mabua ya pembeni tu, yale yanayopigwa na jua na upepo, kwa kuwa ndani kulikuwa na matope. Kifaa kikasema kavu. Mzee Bado akasema anachosema siku zote. Wakakata.

Marobota mia nne yaliingia bandani, na majani mabichi yakifungwa hujipasha moto yenyewe. Siku ya nne Mzee Bado alichoma nondo ndani ya robota moja, akaichomoa, na mkono wake haukuweza kuishika kwa joto. Tuliyatoa yote kwa mikono, adhuhuri, na matatu yalianza kufuka moshi yalipopata hewa. Banda lilipona. Boila haikupona: majani hayo mabichi yalipochomwa yaliacha majivu yaliyoganda kama chupa iliyoyeyuka, na mafundi walikaa siku kumi na moja wakiyagonga kwa patasi. Kitalu cha tano, ndicho kilichokatwa siku ile, kilichipua machache kama nywele za mzee, kisha hakikuchipua tena. Ripoti ilitaja hali ya hewa. Kifaa kimewekwa kwenye kabati la vioo, pale mapokezi, karibu na kikombe cha mpira wa miguu.

Mngedhani wamejifunza. Wiki iliyopita imetoka amri kwamba kitalu cha kwanza, chenye miaka kumi na tisa, kikatwe Jumatatu baada ya Mzee kuondoka, kwa sababu kuna wageni na matrekta lazima yaonekane yakitembea. Majani yake ni ya kijani kibichi. Mzee alipanda ngazi mpaka ofisini, akavua kofia, akaomba wiki sita. Hajawahi kuomba kitu kingine tangu nimfahamu. Aliambiwa, "Mzee, wewe nenda kapumzike. Majani ni majani."

Alishuka akaja kukaa kwangu kwenye mizani, nikammiminia chai. Kisha akasema, "Binti yangu, wakikikata sasa, kinakufa. Nilikipanda kwa mikono hii." Niliona aibu kwa ajili ya watu ambao wao wenyewe hawaioni.

Kwa hiyo, Mzee wetu, pokea shukrani zetu sote uliotufundisha kazi, na saa ya ukutani ambayo ofisi imekununulia. Na kwa kuwa katibu muhtasi amenihakikishia kwamba huko juu hawalisomi jarida hili, naandika pia haya. Kanuni ya nne ya mizani, yenye saini na muhuri wa ofisi hiyohiyo, inasema karani asipokee robota bichi. Leo asubuhi niliingia katikati ya kitalu cha kwanza nikavunja mabua kumi. Yote yalijikunja. Nimeshawaambia madereva, na madereva wamewaambia wakataji: Jumatatu nitakuwa dirishani saa moja kasoro robo, na lori la kwanza nitalirudisha. La pili pia. Hakuna mkataji anayekata mzigo usiopimwa, maana mzigo usiopimwa haulipwi. Pumzika bila wasiwasi, Mzee, wewe na shemeji. Baada ya wiki sita njoo utembee, utakikuta kimesimama.