Pikipiki ya Fundi Venanti Iliyogoma Siku ya Mazishi

Wasikilizaji wapendwa, mahali ulipo, shambani, dukani au jikoni, karibu tukae pamoja. Mimi ni Firdausi Hilali, nipo nanyi kutoka hapa Kasulu. Leo tunamkumbuka Fundi Venanti Nkunzimana wa Makere. Alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi. Fundi pikipiki kwa miaka thelathini. Narudia, miaka thelathini, na kibanda ni kilekile kimoja, pale barabarani Makere.

Venanti aliingia nchi hii kama mkimbizi mwaka 1972, mgongoni kwa mama yake, akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Wakafika na sufuria moja na blanketi. Akakulia huku, akawa raia, akajifunza ufundi Kibondo, akamwoa Bi Winifrida wa Murungu. Mtoto wao ni mmoja, binti yao Jeanne, na ana miaka ishirini na sita.

Sasa, kama uliwahi kumpelekea Fundi Venanti pikipiki isiyowaka, unajua alivyokuwa. Hashiki spana. Anakukalisha kwenye benchi kwanza. Anakuuliza, "Mara ya mwisho iliwaka wapi?" Unaeleza. Ukianza kumwambia tatizo ni plagi, anakutazama mpaka unanyamaza. Kisha anaanza na mafuta. Halafu moto wa plagi. Halafu hewa. Mafuta, moto, hewa. Kila siku hivyo hivyo, hata kwa mkubwa wa ofisi mwenye haraka zake. Mimi mwenyewe nilimwambia mafuta yapo, nimetoka kujaza sasa hivi. Akafungua tangi kuangalia. Nilikasirika, sikufichi.

Na kusukuma pikipiki alikataza kabisa. Alikuwa akisema, "Ukiisukuma ikawaka, ugonjwa umebaki ndani."

Jeanne alifanya kazi pale na baba yake miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji. Lakini mteja akifika alimpita kama hamwoni, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Baba alipolala kitandani, miezi saba ya ugonjwa wa kifua, wateja wakapungua. Kibanda kikawa kinashinda kimefungwa.

Mdogo wa marehemu, Mzee Stanislaus, ndiye msemaji wa familia. Alikuwa ameshaamua. Baada ya mazishi angetangaza kwamba kibanda kinafungwa na vifaa vinagawanywa kwa wapwa. Jeanne alijua. Kijiji kizima kilijua.

Basi Alhamisi ikafika. Nami nilikuwepo. Kawaida ya waendesha bodaboda wa huku, mwenzao au fundi wao akifariki, pikipiki yake hutangulia mbele ya jeneza. Ya Venanti ni nyekundu, kuukuu, kiti kimeshonwa mara tatu. Miezi yote saba ilikuwa chumbani, kando ya kitanda chake. Hakutaka itolewe. Asubuhi ile vijana wakaitoa uani. Mzee Stanislaus akajaza tangi kwa mkono wake, mafuta mapya, hadi shingoni. Wakapiga kiki.

Kimya.

Wakapiga tena na tena. Wakabadilisha plagi. Wakafungua kichujio cha hewa, wakakipuliza. Katekista akaangalia saa. Haidari, mwenye duka la vipuri ambaye pia ni kiongozi wa bodaboda, akasema, "Jamani, tuisukume tu. Watu wameshapanda gari."

Hapo Jeanne akatoka ndani walikokuwa wamekaa wanawake. Macho yamevimba, kitenge kiunoni. Akasema, "Hapana. Ya baba haisukumwi."

Akachuchumaa, akashika mpira wa mafuta. Mzee Stanislaus akawaka. "Mafuta nimejaza mwenyewe! Unataka kusema mimi sioni?"

Wasikilizaji, hebu jiweke pale. Huyo ni baba mdogo. Ni msemaji wa familia. Watu mia mbili wanatazama. Wengi wetu tungeruka hatua hiyo ili tusimwaibishe mzee. Jeanne akasema taratibu, "Baba mdogo, sikukatalii. Naangalia tu."

Akachomoa mpira kwenye kabureta. Koki imefunguliwa. Mafuta yakatoka matone manne, yakakatika. Tangi limejaa na mafuta hayashuki! Jeanne akalegeza kifuniko cha tangi, na mara mafuta yakatoka kwenye mpira, yakamwagika mikononi mwake. Akakigeuza kifuniko. Kile kitundu kidogo cha kuingizia hewa kilikuwa kimezibwa kwa nta ya nyuki. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki.

"Nani kaziba?" Haidari akauliza.

 Kisha sauti ikatoka mlangoni. "Ni mimi." Alikuwa Bi Winifrida, mjane mwenyewe. "Harufu ya petroli ilikuwa inamkohoza. Kila nikitaka kuitoa chumbani, anakataa. Nikachukua nta, nikaziba. Nisamehe, mwana wanje, mwanangu. Nimeharibu siku ya baba yako."

Jeanne akamuuliza, "Alijua?"

"Hakujua. Alisema tu, siku hizi pikipiki yangu imekuwa na adabu."

Watu wakacheka, wasikilizaji. Msibani, watu wakacheka huku wanalia. Nami nililia. Jeanne akamkumbatia mama yake kwa mikono ileile yenye petroli. Akachomoa pini kichwani, akazibua kitundu, akarudisha mpira. Kiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, ikawaka. Jeanne akapanda mwenyewe, akatangulia mbele ya baba yake mpaka makaburini.

Baada ya udongo na maua, Mzee Stanislaus akasimama kutoa neno la familia. Karatasi alikuwa nayo. Akaitazama, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Akasema, "Kibanda kitafunguliwa Jumatatu. Fundi ni Jeanne. Mwenye pikipiki mbovu aende. Ila asimwambie kwamba mafuta ameshaangalia yeye. Mimi nilimwambia, mmeniona."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, tunampa pole Bi Winifrida. Bi Winifrida, hukuharibu siku. Ulimpa mumeo miezi saba ya kupumua. Tunampa pole Mzee Stanislaus na ukoo wote, Makere na Murungu. Pole nyingi kwako, Fundi Jeanne. Mungu ampokee Venanti.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia hili. Pengine nyumbani kwako yupo mtu anayeijua kazi, na kila mgeni akija unamwambia asubiri, mwenyewe hayupo. Mtazame vizuri leo. Mwenyewe yupo.