Mkono Haukukosea

Wapendwa, wengine wakisimama hapa huinua mkono kumsifu Mungu. Nami nauinua wangu, huu wa kulia, na mhesabu wenyewe: vidole vitatu. Vinatosha kumsalimia Mungu na vinatosha kuwasalimia ninyi. Walioko nyuma wasimame kidogo waone, maana tangu nimeingia kuna watu wanachungulia chungulia. Mmeona? Bon, kaeni sasa, tuongee.

Majina sitataja. Wengine mnawafahamu, na mimi sitaki kupigiwa simu kesho asubuhi.

Mliotoka Uvira mnanijua. Mimi ni mpiga besi. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulikuwa na gitaa la besi moja la kwaya nzima, na nililipiga mimi. Mwaka 2013 tulipofika Louisville, huku Amerika, mke wangu alitafuta sufuria, mimi nikatafuta kwaya. Alilalamika, na alikuwa na haki, lakini nilipata kwaya kabla yeye hajapata sufuria. Kila Jumapili nilikuwa pale kando ya ngoma. Mnajua sebene letu lilivyo, pale magitaa yanapochachamaa watu wacheze: mwimbaji anaweza kuchoka, mpiga solo anaweza kukata uzi, lakini besi inaendelea. Kwetu besi ikinyamaza watu wanatazama juu kuona kama umeme umekatika.

Katikati ya juma nilikuwa kiwandani, kwenye mashine ya kukata mabati. Siku yenyewe sitaisimulia, kuna watoto hapa. Mashine ilichukua vidole viwili, cha shahada na cha kati. Wanamuziki mlioko humu mmeshaelewa, naona mnavyokunja uso. Ndivyo hivyo viwili vinavyopiga nyuzi za besi! Ingekuwa kidole kidogo ningelia wiki moja nikanyamaza.

Ndugu zangu, nawaambia, watu walitupenda. Walikuja na sombe ya majani ya muhogo, walikuja na samaki, walikuja na maombi. Walikaa kwenye kochi, wakatazama bandeji, wakatazama sakafu, wakasema, "Pole, baba. Pole sana." Sijawacheka hata mmoja. Bila wao watoto wangekula mkate mkavu mwezi mzima.

Lakini bandeji ilitoka na pole haikutoka. Nilikwenda kanisani, nikaona viti havijapangwa, nikashika kimoja. Mama mmoja akanikimbilia: "Acha, baba, acha, pumzika!" Nikarudi nyumbani. Mke wangu, jamani, mnamjua mke wangu, sauti yake inafika barabarani. Akaanza kuniongelesha polepole, kama nesi. Nikimwaga chai anapangusa kimya kimya. Watoto wakipita sebuleni wanatembea kwa vidole vya miguu. Siku moja jirani alikuja kuomba mtu wa kumsaidia kushusha friji kwenye gari. Mimi nimekaa pale pale, mtu mzima, na binti yangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba baba hawezi.

Hakusema kwa ubaya. Alinihurumia. Lakini ile sentensi ilinimaliza. Gitaa nikalisukuma chini ya kitanda, na kanisani nikaacha kwenda. Nikawa mtu wa blanketi na televisheni. Nilikuwa naona haya kuishi, nasema wazi, kwa sababu najua si wote humu mlio mbali na maneno haya.

Basi, dada ya mke wangu alikuwa amepata nyumba hapa Buffalo, kule mtaa wa Black Rock. Akasema njooni, chumba cha juu ni chenu. Tukaja. Mke wangu akapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mzee wake wa kwanza alikuwa mama mmoja Mrusi. Magoti yamekwisha, anasukuma kile kigari cha kutembelea, lakini mdomo! Mke wangu alikuwa anarudi jioni anasema, "Leo amenifukuza mara mbili, kesho nitakwenda tena." Walipendana sana.

Siku moja mke wangu akanipigia simu kutoka kwa huyo mama: "Baba, njoo unisaidie, kuko kitu kizito huku, sisi hatuwezi kukiinua." Nikafikiri ni kabati. Nikavaa koti, nikaenda.

Haikuwa kabati. Mama yule alikuwa kiongozi wa kundi la muziki, watu wachache, karibu wote Warusi, na sebule yake ndiyo ilikuwa ukumbi wao wa mazoezi. Wanapiga vyombo vya kwao vya mbao. Kipo kimoja kinaitwa balalaika, ni gitaa la pembetatu lenye nyuzi tatu. Wanaanza na nyimbo za vijijini kwao, mara wameingia muziki wa kale wa Ulaya, ule wa watu wa suti, na kabla hujakaa vizuri wamegeuza tango, ule muziki wa kucheza wawili wawili, au wimbo wa redio wa hapa hapa Amerika. Nilisimama mlangoni na theluji yangu kwenye viatu, nikasahau kilichonileta.

Kitu kizito kilikuwa kwenye kona, kimefunikwa shuka. Nikafunua. Balalaika vilevile, lakini kubwa, ndugu zangu, kama meza ya kulia! Ina mguu wa chuma wa kusimamia sakafuni. Mpigaji wake alikuwa amehamia Florida kwa watoto wake, wakataka ipelekwe ghorofa ya chini. Nikaikumbatia niinyanyue, na mkono wa kushoto ukagusa uzi mnene. Uzi ukalia. Jamani! Ilikuwa besi. Niliisikia tumboni.

Mama akaniuliza kama napiga. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri. Nikafanya nilichokuwa nafanya kwa kila mtu siku zile, nikamwonyesha mkono, nikangoja pole. Akavaa miwani. Akauangalia mbele, akaugeuza akauangalia nyuma, kama mtu anayenunua samaki. Kisha akafungua droo, akanirushia kipande cha ngozi kinene kama soli ya kiatu. Kumbe ile besi haipigwi kwa vidole, inapigwa kwa ngozi! Nikakibana kwa gumba na hivi viwili vilivyobaki. Kikaanguka. Nikaokota, kikaanguka tena. Mke wangu alikuwa anataka kuniokotea, mama akampiga jicho, akarudi jikoni.

Msifikiri nilipiga vizuri. Nilipiga ovyo miezi mingi. Nilikata ngozi nyingine pana zaidi ili isiniponyoke, na noti zao nilijifunza kwa sikio, mzee mmoja wa kundi, wa kinanda cha kifuani kile cha kuvuta na kusukuma, akinirudia pole pole mpaka jasho linamtoka. Lakini nilikuwa natoka nyumbani. Jumanne ikifika nilikuwa na mahali pa kwenda.

Ndipo tukaitwa kupiga maonyesho mawili, Ijumaa Columbus, Jumamosi Louisville. Mliposikia Louisville mmegutuka, eh? Mimi pia. Waliokuwa wananiletea sombe walikuwa wameshaona picha yetu kwenye Facebook, na walikuwa wanakuja. Nikawaza, nikiharibu mbele yao, basi, ile ya "baba hawezi" imepigwa mhuri.

Columbus tulipiga kwenye kanisa moja la mtaa wa Clintonville. Mke wangu alikuja nasi kumhudumia mama. Watu walijaa. Sasa nisikilizeni vizuri. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kale ambao katikati yake wote tunanyamaza. Si kupunguza, kunyamaza kabisa. Kisha balalaika ndogo inaingia yenyewe, taratibu sana. Mazoezini nilikuwa nainyamazia vizuri. Ila usiku ule watu walikuwa wanayumba kwenye viti, nikawaona kama watu wetu, moyo ukapanda. Ukimya ukafika. Na mimi, mtoto wa sebene, nikaona shimo. Nikalijaza.

Donc, si noti moja. Nilishuka na kupanda! Nilipiga ile ya kuwaamsha mama zetu watoe vitambaa hewani. Mwanamke mmoja mbele akapiga makofi, wengine wakacheka. Dada wa balalaika ndogo akapotea, mzee wa kinanda akapotea, wimbo ukaanguka wote, ikabidi tuanze upya. Acheni kucheka. Haya, chekeni, sasa hivi nami nacheka.

Usiku ule sikucheka. Watu walipokwenda kunywa kahawa, nilijifungia kwenye gari, nikaweka paji la uso kwenye kiti cha mbele. Nilikuwa nimeamua: Louisville sipandi jukwaani. Nitabeba vyombo, nitakaa garini.

Nikasikia magurudumu ya kile kigari kwenye changarawe. Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na yule mama akaanza kunigombeza. Alianza Kirusi, akakumbuka sijui Kirusi, akahamia Kiingereza. Nani aliniambia nipige pale? Masikio yangu yalikuwa wapi? Wenzangu wanafanya kazi mwaka mzima, mimi naona shimo naruka ndani kama mtoto! Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake, kashika koti la mama, macho yamemtoka. Alikuwa anangoja nivunjike.

Nami nikafanya yale yale. Nikainua mkono, nikasema, "Mama, unajua mkono wangu..."

Akanikata. "Mkono haukukosea! Mkono ulipiga vizuri sana. Kichwa ndicho kilichokosea. Kesho saa nane mazoezi, na usichelewe."

Akafunga mlango, pwaa.

Ndugu zangu, nilibaki mle garini nalia. Mke wangu alifikiri nimeumia. Sikuumia. Tangu ajali hakuna mtu aliyekuwa amenigombeza. Hata mmoja! Nikikosea wanasema pole, nisipokosea wanasema pole. Na huyu mama, na magoti yake, amekatiza maegesho yote kwenye baridi kuja kunikasirikia, kwa sababu alinitegemea na nikamwangusha. Mtu halikasirikii gogo. Nilikuwa mpiga besi tena, mpiga besi aliyeharibu wimbo, lakini mpiga besi.

Louisville nilipanda. Watu wetu walikuwa mstari wa tatu na wa nne, na vitambaa vyao, na nikaona wengine wameanza kufuta machozi kabla hatujapiga hata noti. Nikaacha kuwatazama. Tukafika kwenye ule wimbo, tukafika mahali pale. Nikalaza kiganja juu ya nyuzi nikazikamata. Nawaambia ukweli, sijawahi kupiga kitu kigumu kama ule ukimya. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinataka kuingia. Nilisikia mtu akikohoa. Nikasikia mabomba ya joto ukutani. Halafu balalaika ndogo ikaingia, nyembamba, peke yake, na nikaelewa kwa nini walikuwa wanaiachia nafasi. Mama hakunigeukia hata mara moja. Hakuwa na wasiwasi na mimi.

Baada ya onyesho ndugu zetu wa Louisville walinizunguka, na mpiga ngoma wetu wa zamani akaniambia, "Ile tango umechelewa kidogo mwanzoni." Nilimkumbatia mpaka akashangaa.

Na tulipofika hapa Buffalo, nimechoka, nikavua viatu vyenye theluji nikaviacha katikati ya zulia la shemeji. Mke wangu alinigombeza mpaka jirani akafungua dirisha! Mimi mlemavu wa zamani wa kochi, nimesimama pale na soksi zangu, nafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Naye alipoona nacheka, akakaa kwenye ngazi akaanza kulia, akasema alikuwa amekosa mtu wa kugombana naye tangu ile ajali.

Vidole havijaota, msidanganyike. Baridi ikiingia, mkono unauma mpaka begani, na gitaa la besi la kawaida bado siliwezi. Kuna asubuhi bado nalitafuta lile blanketi. Ila Jumanne naondoka, lenyewe linabaki kitandani.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wa Louisville kwa kila sahani. Namshukuru shemeji kwa chumba, na zulia anisamehe. Mke wangu, wewe unajua. Na yule mama mnayemwona pale nyuma karibu na mlango, amekuja, hajui Kiswahili hata neno, anatazama saa tangu niliposimama. Asante, mama. Namaliza.

La mwisho. Yupo ndugu yetu aliyeanguka kazini mwezi uliopita, yule aliyekuwa anatupangia sauti za kwaya. Leo hayupo, mmeona. Kesho najua mtakwenda kwake. Pelekeni chakula, ombeni naye, mwambieni pole, maana pole ni yake na ameumia kweli. Halafu kabla hamjatoka, mwambieni kwamba wanaume wa sauti ya tatu wanaimba vibaya sana tangu aondoke, na kwamba mazoezi ni Ijumaa, na asipokuja tutakasirika. Anaweza kuwafokea. Msikimbie. Kaeni hapo hapo mgombane naye.